AI gani ya kujengea ulimwengu wa gemu ya mezani?

DaduTatu: Vipi wana Mombasa. Juma lijalo naanza kampeni mpya (hadithi ya vikao vingi) ya D&D, yaani Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu: mji wa bandari kama Mvita ya zamani ila una majini na uchawi. Nataka AI inisaidie kutunga koo, mitaa, fitina za baraza. ChatGPT, Claude ama Gemini, nilipie ipi?

BintiKibokoni: Una pesa ngapi? Mwacheza kwa Kiswahili ama Kizungu? Laptopu ama simu tu? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Likoni_DM: Claude, wallahi. Muuza kahawa nikitaka aongee kama mzee wa barazani aongea hivyo hivyo, si kama karani wa benki.

AmiFaili: Maneno matamu bila kumbukumbu kazi bure yakhe. Gemini 1.5 Pro ya 2024 ilikuwa yameza tokeni (vipande vya maneno) milioni 1, waitupia daftari zima la kampeni na bado ina nafasi.

BintiKibokoni: Kumeza si kukumbuka ami. Kuna modeli moja siitaji jina, niliiandikia wazi kabisa kuwa jahazi za Uarabuni zaja na kaskazi zarudi na kusi, jambo hata mtoto wa Mji wa Kale alijua. Kikao cha nne naiambia initungie nahodha afika bandarini, ikaniletea jahazi kutoka Maskati mwezi wa saba, eti kusi yaisukuma!! Na nahodha mwenyewe tulishamzika kikao cha pili. Nami siku hiyo nimetoka kazini hoi nikasoma vile vile mezani, kijana mmoja babake mvuvi akacheka mpaka dadu zikamwagika, mchezo ukafia hapo. Hadi leo waniita Nahodha Kusi.

AmiFaili: Hata kurudi mwezi wa saba hairudi mtu, kusi imekaza. Waliondoka wa nne wa tano ama wakangoja wa nane.

Likoni_DM: Wa nne mapema mno, upepo haujashika.

AmiFaili: Nani kakwambia?

Mkwaju16: Mimi natumia Llama, AI ya parameta bilioni 8, kwa programu ya Ollama, ndani ya laptopu bila mtandao, RAM ya GB 16 yatosha, bando sili. Kiswahili chake lakini astaghfirullah.

DaduTatu: Samahani nilichelewa, nina simu tu. Bajeti bado. Likoni_DM ile promputi (maagizo ulioiandikia AI) ya muuza kahawa wanipa?

Likoni_DM: Nitaitafuta. AmiFaili, muulize nahodha yeyote mzee kuhusu mwezi wa nne.

Mkwaju16: Kwani mwacheza wapi? Nina dadu mbili za pande 20 na sina kikundi.