Madarasa mawili, majina matatu: mkopo, tozo, na sasa zawadi. Daftari liko wapi?

Wakuu, heshima zenu.

Nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Juma lililopita ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi, wa wale wasifiaji wa wakubwa ambao siku hizi hata wenyewe hawaoni haya kuitwa chawa, uliweka picha ya madarasa mawili ya sekondari ya kata yetu na kuandika kwamba ni zawadi ya Mama, yaani Rais Samia, kwa watoto wetu, na kwamba asiyeshukuru kwa hili hatashukuru kwa lolote. Picha hiyo naijua. Upande wa kulia kuna mwembe uliokatwa tawi moja kubwa ili bati lipate kukaa, na mbele yake kuna simtanki jeusi lililoinamia upande wa choo, ambalo tangu lishushwe kwenye gari halijawahi kujengewa msingi. Chini ya mwembe huo nimekaa siku nyingi nikihesabu mifuko ya saruji, kwa kuwa nilikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa.

Hii ni mara ya tatu naiona picha hiyo mtandaoni, na kila mara inakuja na baba mwingine. Januari 2022 ilisambazwa kama matunda ya fedha za UVIKO-19, yaani mkopo wa kukabili athari za korona. Miezi michache baadaye, wakati watu wananung'unikia makato ya miamala ya simu, ikarudi na maneno kwamba hivi ndivyo tozo yako inavyofanya kazi. Sasa imekuwa zawadi. Mwembe ni uleule, simtanki ni lilelile, na hata fundi aliyesimama mlangoni na kofia nyekundu hajasogea hatua moja. Kama jengo moja linaweza kutangazwa kuwa limejengwa kwa mifuko tofauti ya fedha, mwananchi wa kawaida atajuaje ni mfuko upi uliotumika, na ule mwingine ulikwenda wapi?

Niwe mkweli kabla sijaendelea, maana najua nitaambiwa sina shukrani. Madarasa yalijengwa, na yalihitajika sana. Mwaka 2022 watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja bila kungoja chaguo la pili, jambo ambalo mimi niliyefundisha zaidi ya miaka 30 sikuwahi kuliona. Aliyesimamia hilo anastahili sifa zake. Lakini sifa ya kusimamia fedha za umma ni kitu kimoja, na kumfanya msimamizi kuwa mwenye fedha ni kitu kingine kabisa, na ndipo ugomvi wangu ulipo.

Tukumbushane fedha zile zilikuwa za nani. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania dola za Marekani milioni 567.25, ambazo kwa fedha yetu ni takribani shilingi trilioni 1.3. Oktoba mwaka huohuo mpango wa matumizi yake ukazinduliwa Dodoma, ukiwa na ujenzi wa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama), kwa shilingi milioni 20 kila darasa pamoja na viti na meza. Ulikuwa mkopo. Theluthi moja ilitoka kwenye dirisha la mkopo lisilo na riba, ambalo hulipwa ndani ya miaka 10, na theluthi mbili zikatoka kwenye dirisha ambalo masharti ya shirika lenyewe yanataka marejesho yaanze baada ya miaka mitatu na robo na yakamilike ndani ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, huyu kijana anayeandika kwamba tumepewa zawadi anailipia zawadi hiyo kila anapoweka mafuta kwenye bodaboda yake. Na nguvu za wananchi hazimo hata katika hesabu hiyo. Mawe ya msingi tuliyasomba wenyewe, na maji ya kumwagilia zege yalibebwa na wanawake wa vitongoji vinne kwa ndoo, kwa zamu, wiki nzima.

Tozo nayo ilikuwa na hesabu yake. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, kisha ikapunguzwa baada ya kelele za wananchi. Mifuko hiyo miwili ina vyanzo tofauti na ilipaswa kuwa na taarifa tofauti. Kuichanganya kwenye picha moja hakuwezi kuwa bahati mbaya inayojirudia.

Wapo watakaosema hayo ni maneno tu ya mitandaoni, mwalimu, usiyatie moyoni. Nawaomba wasome kilichonipata.

Katika mkutano wa hadhara wa kata yetu nilisimama nikauliza jambo dogo sana. Daftari la mapokezi, ambalo nililiandika kwa mkono wangu na kulitia sahihi, linaonyesha kwamba tulipokea seti 74 za viti na meza. Taarifa iliyosomwa siku ile ilisema seti 100. Niliomba tuoneshwe hati ya kupokelea hizo 26 zilizobaki, jina la aliyezipokea na risiti ya fundi aliyezitengeneza. Mtendaji wa kata hakufungua jalada lolote, kwa sababu hakuja nalo. Alitoa simu mfukoni, akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole viwili mpaka milango ya bluu ikajaa kioo chote, kisha akaipitisha safu ya mbele mkono kwa mkono. "Mwalimu," akaniambia, "haya si madarasa? Au macho yameanza kukusumbua?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na mwenyekiti akaita ajenda inayofuata. Daftari lenyewe lilichukuliwa na maofisa wa ngazi ya juu zaidi, tukaambiwa linakwenda kwenye ukaguzi, na mpaka leo halijarudi.

Nililala na jambo hilo moyoni usiku kucha. Picha ilikuwa imefanya kazi ambayo hati haikuweza kufanya, na iliweza kwa sababu watu walikwisha kuandaliwa miezi mingi mitandaoni kuamini kwamba wamepewa. Ukiletewa sukari msibani huulizi risiti, na anayeuliza anaonekana mtovu wa adabu. Ndivyo nilivyoonekana mimi, mbele ya wazazi ambao nusu yao nimewafundisha kusoma.

Uwajibikaji wetu kwa maandishi umepangwa vizuri tu. Daftari la shuleni linaingia kwenye hesabu za halmashauri, mkaguzi wa ndani anazipitia, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anazikagua, kisha kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba anamkabidhi Rais ripoti ambayo hufikishwa bungeni, na huko ipo kamati inayoshughulikia hesabu za serikali za mitaa peke yake. Ngazi zote hizo zimesimama juu ya daftari la kurasa 96 linalouzwa dukani. Daftari likipotea chini, kule juu watajadili nini?

Hata kwenye ngazi za taifa tumeliona jambo hilihili. Mwishoni mwa Desemba 2021, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alihoji hadharani nchi kuendelea kukopa huku akitetea tozo. Ulikuwa mwanya mzuri wa wananchi kuelezwa masharti ya ule mkopo, unalipwa lini na kwa fedha gani, na mtu angeweza kukubaliana naye au kumpinga kwa hoja. Badala yake, kwenye kurasa nilizokuwa nafuatilia, mjadala ukageuzwa kuwa wa nani kamkosea nani heshima na nani anautamani urais wa 2025. Tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu, na maswali ya masharti yakaondoka pamoja naye.

Sasa niwageukie na ndugu zangu wa upande wa pili, maana nao wamenitia hasara. Siku chache baada ya mkutano ule, mtu mmoja anayejiita mtetezi wa wanyonge alituma kwenye kundi la WhatsApp la kata picha ya darasa lililoezuliwa paa, watoto wamekaa juani, akaandika kwamba ndiyo hali halisi ya shule yetu. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaikuza, akatuonesha kwamba ubaoni pameandikwa somo kwa Kifaransa. Shule yetu haijapata kuwa na mwalimu wa Kifaransa. Kabla jua halijazama, chawa walikuwa wameibandika picha hiyo muhuri mwekundu wa uzushi na kuisambaza kila mahali, na swali langu la viti 26 likazikwa humohumo, eti wote ni wapotoshaji walewale. Wewe uliyetuma ile picha, kama unasoma hapa, ujue kwamba umemfanyia Mtendaji kazi ambayo yeye mwenyewe asingeiweza. Nilikuwa na ushahidi wa daftari, ukaniletea paa la nchi nyingine.

Na hapa sheria nayo ina jicho moja. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamtishia anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mimi ninapoandika uzi huu nimerudia kila tarakimu mara tatu nikikiwaza kifungu hicho. Lakini mwenye ukurasa uliotangaza jengo moja kwa fedha za mkopo, kisha kwa fedha za tozo, kisha kwa ukarimu wa mtu binafsi, sijasikia akiulizwa hata kwa simu. Angalau maelezo mawili kati ya hayo matatu si ya kweli. Kama sheria inatafuta taarifa za uongo zenye kupotosha, basi ziko pale, zina wafuasi maelfu, na hazijafutwa.

Madai yangu ni machache. Jumatatu hii nimepeleka barua halmashauri kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nikiomba vitu vitatu: nakala ya daftari la mapokezi, hati za malipo ya viti na meza, na taarifa ya akaunti ya shule kwa miezi ya ujenzi. Nakala yangu imegongwa muhuri wa masjala. Karani aliniuliza natumwa na chama gani, nikamjibu kwamba nimetumwa na sahihi yangu iliyomo kwenye daftari. Sheria inawapa siku zisizozidi 30 kujibu. Wakinijibu nitaweka majibu hapahapa, ukurasa kwa ukurasa, hata yakionesha kwamba mimi ndiye niliyekosea kuhesabu. Wakikaa kimya nitaweka nakala ya barua yenye muhuri na kuomba mapitio kwa wakubwa wao.

Wakati huo, nawaomba wana jukwaa mliokuwa kwenye kamati za ujenzi, za manunuzi au za mapokezi mwaka 2021, katika kata yoyote ile, mtuletee idadi mlizoandika kwa mikono yenu na idadi zilizosomwa kwenye mikutano, tuzilinganishe. Msitaje majina ya watu, wekeni hesabu tu. Na picha msiniwekee. Ninayo moja, na imenitosha mara tatu.