Strimu za gemu: tuongeze tabaka la LCEVC au tungoje AV1?

Wakuu naomba hili tulijadili vizuri. Fungua strimu yoyote ya gemu ya mpira Twitch, kamera ikitulia nyasi unaziona freshi, ila winga akichomoka tu uwanja mzima unakuwa uji wa kijani na namba ya jezi haisomeki. Mwongozo wao kwa 1080p ya fremu 60 kwa miaka mingi ni kilobiti 6000 kwa sekunde, sasa H.264, kodeki (njia ya kubana na kufungua video) ya 2003, itabana vipi majani yote yale yakikimbia kwa pamoja?

Wapo wanaosema tungoje AV1, kodeki nyingine ya kuchukua nafasi ya H.264. Mimi nasimama na LCEVC, tabaka la kuongeza ubora juu ya kodeki uliyonayo, ile MPEG-5 sehemu ya pili kwenye viwango vya video, iliyokamilika 2020. Kodeki yako haiondoki. Picha inapunguzwa kwanza, 1920 kwa 1080 inakuwa 960 kwa 540, yaani robo ya piseli, hiyo ndo H.264 inabana, halafu kile kilichopotea, kingo za namba, mistari ya uwanja, kinabanwa pembeni kwenye vipande vidogo vya 2 kwa 2 au 4 kwa 4. Simu inafungua video ndogo kwa chipu ile ile iliyonayo, inaikuza, inapachika yale maelezo juu. Hesabu yake nyepesi. Na asiye na programu ya kusoma hilo tabaka bado anaangalia, ila anaona ile ndogo.

— Mkuu hapa nakupinga. AV1 ipo tangu 2018 na waliounda walitaka isiwe na malipo ya leseni, hiyo LCEVC ni ya kulipia, kampuni ya V-Nova ya London hawagawi bure. Kadi za picha za Nvidia RTX 40 zinabana AV1 zenyewe tangu 2022. Kwa nini tulipie kiraka?

— Naongezea, hilo tabaka si linakula kwenye biti zile zile 6000? Ukizipeleka kwenye tabaka umeinyima picha ya chini.

Ya leseni sibishi, ni hoja nzito na inaniuma. Ila kaka wewe unamuongelea anayerusha, mimi namuongelea anayeangalia. Hata iPhone chipu ya kufungua AV1 imeingia na 15 Pro, 2023, sembuse simu za laki mbili tulizonazo wengi. Yangu nilichezesha AV1 ya fremu 60, baada ya dakika chache mgongo wa simu ulikuwa wa moto na picha inarukaruka. Na kiraka sio, maana Brazili kwenye TV 3.0, mfumo wao mpya wa matangazo ya televisheni, wameiweka juu ya VVC, kodeki mpya kabisa.

Kuhusu biti, ni kweli zinagawana, ila picha ya chini nayo ina robo tu ya piseli za kulisha. Moshi na nyasi nzito bado vitasumbua, nakubali, lakini namba ya jezi na dakika za mechi pale juu kwenye kona, hivyo vina kingo kali, na hapo ndo tabaka linafanya kazi yake. Mwenye AV1 apewe AV1. Sisi wengine mnatuachia uji mpaka lini?