Tupeane uzoefu: siri ya mgonjwa huvujia wapi spitali, na pazibwe vipi?

Kumbukumbu za afya, Unguja
Assalaam alaykum. Tuliomo kwenye kazi hii tuandike kinachosaidia kweli. Naanza na dirisha la mapokezi. Ukimwita mtu kwa jina na ukataja kliniki ya kifua kikuu, umeshalitangazia benchi zima. Mpe namba, ita namba, na milango nayo iwe na namba badala ya majina ya maradhi. Skrini iupe mgongo msururu wa watu na ijifunge baada ya dakika 2. Neno la siri moja kwa zamu nzima ni hatari kubwa zaidi: faili likifunguliwa na asiyehusika, mfumo unaonesha jina lile lile la siku zote, na mfunguaji hajulikani milele.

Muuguzi, Wete
Waalaykumu ssalaam. Mimi naona simu. Picha ya eksirei au altrasaundi ina jina, umri na tarehe pembeni. Watu hupaka juu yake kwa kalamu ya simu, lakini rangi ile mara nyengine huonesha kilicho chini yake. Ukiongeza mwanga, jina linasomeka. Kata ukingo wote, kisha piga picha ya skrini ya kilichobaki, hiyo ndiyo utume. Zima na kujipakua kwa picha WhatsApp. Zikishaingia kwenye galari huweza kupanda hadi hifadhi ya mtandaoni, na kufuta ujumbe kwenye kundi hakuzigusi zilizokwishapanda.

Tena kwetu Pemba kuliondoa jina peke yake hakumsitiri mtu. "Mama wa miaka 43, shehia fulani, kajifungua watatu jana": nani hamjui? Ondoa shehia, ondoa siku, andika "miaka 40 hadi 45".

Maabara, Chake Chake
Umesema kweli, dada. Nyongeza ndogo: "mimi mumewe" kwenye simu si ruhusa. Anayetaka mwengine amchukulie majibu aandike jina la mtu huyo na asaini siku ile ile anayotolewa damu. Siku ya majibu mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Mwanasheria
Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Muungano ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ila afya si jambo la Muungano. Soma kwanza kifungu chake cha matumizi, kinachosema sheria inatumika wapi na kwa mambo gani, kabla hujaitaja kwenye malalamiko ya huku. Barua iende kwa mkuu wa spitali: tarehe, saa, kilichotoka, aliyekiona. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana pa kushikwa.

Kumbukumbu za afya, Unguja
Na rejesta zilizojaa, jamani! Zikiachwa barazani huishia kufungia bidhaa dukani. Ziorodheshwe, kibali kitoke, zichomwe kwenye tanuri la taka za spitali mbele ya mashahidi wawili wanaosaini. Ng'oa jalada kwanza na uzitenganishe kurasa, kwa sababu daftari nene huungua kingo tu. Zima ukakoroge majivu. Katikati hubaki kurasa nzima, na majina juu yake.