Mbunge ametuandikia barua ya Krismasi na ninataka kumjibu. Nisaidieni

MamaSare_KK (23 Desemba 2024)

Mulembe wote. Jana kanisani, baada ya matangazo na kabla ya sadaka, karani alisimama akatusomea barua ya sikukuu kutoka kwa mbunge wetu. Ukurasa mmoja na nusu, picha juu, yeye na mkewe na watoto. Jina lake silitaji, wala eneobunge. Kaunti ya Kakamega ina maeneobunge 12, na sikuja hapa kumwaibisha mtu.

Tena barua yenyewe niliipenda. Ameandika juu ya familia kula pamoja, watoto kulelewa wakimcha Mungu, vijana kuachana na chang'aa. Hayo ndiyo ninayoyaamini. Marehemu mume wangu pombe ndiyo iliyomwondoa, na huyu mheshimiwa nimempigia kura mara mbili kwa sababu anayasema haya bila kuogopa.

Shida ni aya ya tatu. Imesema madarasa mawili ya Gredi ya 9 katika shule yetu "yamekamilika na yanasubiri watoto Januari." Mimi ni mwakilishi wa wazazi pale, na ndiye fundi ninayeshona sare zao. Leo asubuhi nikafunga kibanda nikaenda kuona kwa macho yangu.

Darasa la kwanza kweli limekwisha. Madirisha yana vioo, rangi ni krimu juu na maruni chini, bado linanuka rangi. La pili limeishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nondo zimechomoza juu na zimeshika kutu. Ndani ni moramu ambayo haijashindiliwa, na pale ubao utakapokaa mlinzi ametandika turubai akaanika maharagwe. Nikamuuliza mafundi walikuja lini mara ya mwisho. Akasema, kabla ya mashujaa, yaani Oktoba.

Watoto wanaoingia Gredi ya 9 ni 94. Ninajua kwa sababu nimewapima wote, majina yao yamo kwenye daftari langu, kiuno na urefu wa sketi. Hawa ndio wa kwanza kabisa kufika darasa hilo nchini, na wote 94 hawaingii chumba kimoja.

Barua imetaja pia taa za soko, vilabu vya pombe vilivyo karibu na shule kwamba atavifunga, na ushuru, kwamba "alisimama nasi." Sasa swali langu ni hili: katika hayo yote, yapi ni kazi ya mbunge hasa? Na nimwandikie vipi kwa heshima, bila kuonekana nimetumwa na wapinzani wake?

Baraka_Bgm (23 Desemba)

Dada, pole kwa mume wako. Lakini ushauri wangu ni uache. Mtu ametakia watu heri ya Krismasi, wewe unamrudishia hesabu ya matofali? Na tuongee ukweli, fomu za basari zinapitia ofisi hiyo hiyo. Jina lako likishajulikana, watoto wako watasoma na nini?

MamaSare_KK (23 Desemba)

Baraka, hofu hiyo ninayo, sikufichi. Kifungua mimba wangu yuko kidato cha tatu na amesoma kwa basari hiyo. Lakini barua ilisomwa mbele ya watu wote kanisani, na mimi ninajua kitu ambacho si kweli ndani yake. Jumapili ijayo nitaketi benchi lile lile. Wazazi wakiniuliza Januari, nitawaambia sikuona?

Kuka_Mstaafu (24 Desemba)

Mama Sare, mulembe. Nimekuwa karani wa hesabu katika shule za huku Magharibi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nikaona miradi mingi ya CDF, mfuko wa maendeleo ya eneobunge, ikiingia na mingine ikikwama. Nikueleze ninavyoijua.

Anza na taa za soko. Masoko, taa za barabarani, zahanati na chekechea ni kazi za kaunti, ziko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Mbunge anaweza kuzifurahia kama mkaazi mwingine yeyote, lakini anayeulizwa ni gavana na mwakilishi wadi wako. Usipoteze wino wako hapo.

Madarasa ndiyo yake, ila kuna jambo moja ulichunguze kabla hujaandika. Haya ya Gredi ya 9 mengine yanajengwa na Wizara ya Elimu, na mengine Wizara na CDF wanachangia nusu kwa nusu. Darasa lililokwisha laweza kuwa la mfuko mmoja na lile lililokwama la mfuko mwingine. Ukimwandikia mbunge juu ya darasa la Wizara, atakujibu kwa mstari mmoja na utakuwa umekwisha.

Utajuaje? Nenda kwa mwalimu mkuu. Pesa za CDF hazikai mfukoni mwa mbunge. Zinaingia kwenye akaunti ya mradi, na kila mradi una kamati yake hapo shuleni, ambayo kwa kawaida mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kuna faili. Ndani ya faili kuna makadirio ya gharama, mkataba wa mkandarasi, na vyeti vya afisa wa ujenzi wa serikali vinavyosema kazi imefika wapi ndipo alipwe. Hicho cheti cha mwisho ndicho unachokitaka. Kikisema "linta," basi ofisi ya mbunge imeandika kilichotarajiwa kana kwamba kimefanyika. Kikisema "imekamilika," mama, hapo pana neno zito zaidi, na usiende peke yako.

Mwalimu mkuu akisita, andika ombi rasmi. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu uandike kwa Kiswahili. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, unakwenda kwa tume ya malalamiko ya umma, ile tunayoiita Ombudsman. Usitoe sababu, sheria haikudai sababu. Peleka nakala mbili, moja waipokee, nyingine waigonge muhuri urudi nayo nyumbani. Bila muhuri hukuandika.

Tena ufanye haraka. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu imesema sheria ya NG-CDF (ndiyo hiyo CDF) ya 2015 inakiuka Katiba na mfuko ukome ifikapo 30 Juni 2026. Rufaa zitaendelea, hiyo ni kazi ya mawakili. Ila nimeona mifuko ikifungwa zamani, na mradi ulioachwa kwenye linta wakati kama huo unabaki kwenye linta.

Mkaazi_Naivasha (24 Desemba)

Nichangie kwa upande wa vilabu, maana Nakuru tuna historia nayo. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 watu waliiita sheria ya Mututho, kwa sababu John Mututho, wakati huo mbunge wetu wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka Bungeni. Mbunge mmoja, na baa za nchi nzima zikaanza kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa hivyo kama mheshimiwa wenu anachukia pombe kwa dhati, nguvu yake iko kwenye sheria.

Kufunga kilabu fulani si kazi yake. Leseni za pombe zinatolewa na kaunti. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kilabu kiwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18. Wewe una utepe wa kupimia, dada. Pima, kisha peleka malalamiko kwa kamati ya leseni ya kaunti ndogo yenu, na umwombe mbunge aweke sahihi yake chini ya yenu. Akiweka, utajua barua ile ilitoka moyoni.

Shiundu_Dogo (27 Desemba)

Senge (shangazi), kuhusu ushuru, hiyo usiulize mtu, iko kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansard iko kwenye tovuti ya Bunge. Mswada wa Fedha wa mwaka huu, ule wa ushuru, ulipigiwa kura 25 Juni, 195 waliunga mkono na 106 wakapinga. Jioni hiyo wenzetu walioandamana kuupinga walikuwa wamekufa nje ya Bunge. Mimi nilikuwa barabarani siku hiyo, na kila mbunge anayesema alisimama nasi ninamtafuta kwanza kwenye orodha hiyo. Niandikie jina lake faraghani nikutafutie.

MamaSare_KK (30 Desemba)

Nimerudi. Asanteni sana, na Kuka, Mungu akuzidishie siku.

Mwalimu mkuu hakusita hata kidogo. Nadhani alikuwa akingoja mtu aulize. Darasa lililokwisha ni la Wizara. Lililokwama ni la CDF, na cheti cha mwisho kinasema linta. Kwa hivyo hakuna aliyelipwa kwa kazi isiyofanyika, na hilo limenipa amani kubwa kuliko nilivyotarajia. Awamu ya pili ya pesa ndiyo haijafika.

Shiundu alinitafutia jina. Mheshimiwa alipiga kura ya ndiyo. Nilikaa na hilo usiku mzima. Ningemheshimu zaidi kama angetuandikia kwamba aliunga mkono na kwa nini, kwani pengine alikuwa na sababu. Nimemwambia hivyo hivyo kwenye barua.

Kutoka lango la shule hadi kilabu nilipima na binti yangu, utepe wa mita moja na nusu, tukiweka alama kwa chaki. Ni mita 118. Akina mama 23 wameshatia sahihi.

Barua nimeipeleka leo. Nimeanza kwa kumshukuru kwa yale aliyoandika juu ya familia, kwa sababu ninamshukuru kweli. Kisha nikamwomba mambo matatu: atuambie awamu ya pili itaingia lini, atie sahihi yake kwenye malalamiko yetu kuhusu kilabu, na Jumapili moja Januari aje mwenyewe kanisani arekebishe ile aya ya tatu. Baraka, jina langu nimeliandika lote, na namba ya kitambulisho.

Kijana wa mapokezi aliisoma yote amesimama, akaniangalia, akagonga muhuri. Siku 21 zinaisha 20 Januari. Sketi zimebaki 17.