Shati gani la kuvulia baharini halisumbui mwili?

Wakuu natoka na boti Msasani alfajiri narudi mchana jua kali, tisheti ya pamba ikilowa inaganda mgongoni na chumvi inanikwangua kwapani, nivae nini?

— Pamba achana nayo mkuu, inashika maji. Tena tisheti nyeupe ikilowa jua linapenya zaidi kuliko ikiwa kavu. Tafuta poliesta nyepesi mikono mirefu, ina kola na matundu mgongoni, inakauka chap. Lebo ikisema UPF 50 inapitisha kama asilimia 2 tu ya miale inayounguza ngozi.

— Mitumbani zipo, ila ijaribu kwanza, nyoosha mikono kama unarusha mshipi, ikibana mabegani iache.

— Chukua pana kidogo ndugu yangu, upepo upite.