Naomba ushauri: tunapataje trastuzumab kwa bei tunayoiweza?

Habari zenu wakuu. Mama yangu mdogo aligundulika na saratani ya titi, na kipimo cha kinyama kikaonyesha ni ile ya HER2, yaani seli zake zina protini ya HER2 kupita kiasi inayozifanya zikue haraka. Upasuaji umefanyika, tiba kemia inaenda vizuri. Tulipokwama ni trastuzumab, dawa ya kuizuia hiyo HER2. Anatakiwa kuwekewa kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima, na hospitali anakotibiwa imeisha. Tumeambiwa tukanunue nje. Ng'ombe wawili wa babu wameshauzwa, zimepatikana dozi mbili tu.

Inaniuma, maana Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Desemba 2019 likaidhinisha ya kwanza inayofanana nayo, ya bei nafuu kuliko ile ya mwanzo. Aliyewahi kuuguza mgonjwa kwa hizo za bei nafuu, zilimsaidia?

Binamu yupo India, anasema atatutumia. Lakini dawa hii inakaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo naogopa safari, na feki naziogopa zaidi. Kibali cha kuingiza dawa ya mgonjwa mmoja kinaombwaje?

Nimesoma pia kwamba wenye aina fulani ya saratani ya damu hupata dawa yao, imatinib, bure kupitia shirika la hisani la The Max Foundation. Kuna mpango wa namna hiyo kwa saratani ya titi? Hata jina la idara ya kuanzia litatusaidia. Dozi inayofuata ni Jumanne ijayo.