Mrejesho: mawe ya kunolea wembe wa kukunja

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza ninunue mawe gani kwa ajili ya wembe wa kukunja alioniachia babu, ambao ulikuwa unang'oa ndevu badala ya kuzinyoa. Wengi mlinishauri nianze na jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi), kisha lenye pande mbili za 4000 na 8000, na niachane kwanza na mawe ya asili ya Ubelgiji, ambayo bei yake, kusema kweli, ilinifumba mdomo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuinua mgongo wa wembe kama ninoavyo kisu cha jikoni, ilhali mgongo na makali vinapaswa kulala juu ya jiwe kwa pamoja, kwa kuwa unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Tena, jiwe la 1000, nililolinunua likiwa limetumika, lilikuwa limebonyea katikati. Nikalichora mistari ya penseli na kulisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi mistari yote ikafutika. Baada ya hapo, unywele wa mkononi ulikatika kwa kuguswa tu.

Jiwe hilo sasa nimelihifadhi hadi makali yatakapopata pengo. Kila asubuhi ninapitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, na upande wa 8000 nitaurudia ndevu zitakapoanza kuvutika tena. Kilichobaki ni shingo, ambayo bado inawasha kidogo. Nashuku mkono wangu kuliko wembe.